Shamba si langu ila ndo limenilea, nataka kuaga vizuri na wao wanataka nisaini

BARUA

Shikamoo mshauri. Naomba usitaje jina langu wala jina la shamba maana huku tunajuana wote. Hii simu ni ya mwanangu, yeye anaandika mimi namtajia, ila maneno ni yangu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, kwetu ni Kondoa ila maisha yangu ya ukubwa yote nimeyaishia huku Arumeru kwenye shamba la kahawa la mtu binafsi, sio kampuni, ni la mzee mmoja na mkewe. Nilikuja 1998, ule mwaka wa zile mvua za El Nino, lori lilikuja kijijini kwetu kutafuta watu wa kuchuma kahawa nikapanda na dada yangu tukijua ni msimu mmoja tu tunarudi na hela ya bati. Dada alirudi na bati zake. Mimi msimu ulivyoisha mzee akaniambia wewe binti una mkono mzuri, kaa kwenye kitalu, basi nikakaa mpaka leo. Nikaolewa hapohapo na dereva wa trekta, nikazaa hapohapo, watoto wangu ukiwaona yale meno yao ya kahawia tu unajua wamekunywa maji ya Meru. Baba yao akaenda Mererani kutafuta tanzanite akapotelea hukohuko, mimi nikabaki na watoto na kitalu.

Baadae nikawa nyapara wa akina mama wachumaji. Naandika nani kaja, nani kachuma debe ngapi, nani ana dharura. Madaftari yote nimeandika kwa mkono wangu, yamejaa stoo mpaka mengine yameliwa na mchwa.

Mshauri mimi hii kazi niliipenda sio uongo. Mbegu ya kahawa ukiifukia inakaa chini mwezi na nusu, miezi miwili, huoni kitu, mgeni atakwambia imeoza hiyo fukua uangalie. Af asubuhi moja unakuta imenyanyuka imebeba punje yake kichwani na ganda lake kama askari amevaa kofia ya chuma. Nimeona hicho kitu kila mwaka na kila mwaka nacheka peke yangu pale kitaluni kama chizi. Ile blok ya juu karibu na mfereji, mibuni yote imepita kwenye mkono wangu ikiwa miche. Bei ilivyoanguka 2001, 2002, majirani waling'oa wakapanda mahindi na nyanya, mzee akakataa, alisema kung'oa ni siku moja kurudisha ni miaka mitatu. Tulikula nusu mshahara na unga na maharage ya shambani na hatukuondoka.

Na Bibi, yaani mke wa mzee, siwezi kumsema vibaya. Mwanangu wa pili alivyopata homa ya uti wa mgongo Bibi alimbeba usiku kwenye gari yake mwenyewe na kanga yake ikatapikiwa, akakaa na mimi wodini mpaka asubuhi. Huyo mtoto ndo leo bodaboda pale Usa River.

Sasa mzee alifariki 2022. Watoto wao wako Dar na mmoja yuko nje, hakuna anayetaka kahawa. Mwaka huu wameuza. Tangu uwanja wa AFCON uanze kujengwa Arusha madalali huku hawalali, na huyo aliyenunua anakata viwanja, tayari vijana wamepita na kamba na rangi nyekundu wanapiga mawe ya mipaka katikati ya mibuni yangu, naiita yangu unisamehe. Kijana mkubwa wa Bibi alikuja akatuita chini ya mparachichi, tumebaki watu saba, akatuambia mwisho wa mwezi kila mtu awe ameondoka na nyumba zibaki wazi. Akasema Jumamosi ya mwisho kutakuwa na sherehe ndogo ya kutuaga na kutushukuru, mbuzi wawili, soda, kila mama apewe kitenge, na mimi kwa vile ni wa siku nyingi nitapewa laki tatu. Na kuna karatasi ya kusaini kwamba nimepokea stahiki zangu zote na sina madai yoyote kwa familia. Amenipa nikaisome, hii hapa iko ndani ya Msahafu.

Hapo ndo nimekwama. Mkataba wa kuandikwa sijawahi kuwa nao. Mshahara wangu ni laki na themanini, na NSSF, ule mfuko wa pensheni, sijawahi kuisikia zaidi ya kwenye redio. Dada yangu wa Kondoa ananipigia kila siku, unamshukuru mtu aliyekunyonya? Dai miaka yako yote, hayo ni mamilioni. Wa bodaboda ndo kabisa, anataka aje siku ya sherehe aseme mbele za watu, nimemwambia ukija mimi sio mama yako. Binti yangu wa mwisho yeye anasema mama saini tuondoke kwa amani, laki tatu sio haba na Bibi ni mgonjwa, ukileta kesi sa hivi utamuua.

Mimi nilichokuwa nataka ni kitu kidogo tu. Nilitaka niage. Nitembee blok zote, nimwombe Bibi halali na yeye aniombe mimi, kwetu mtu haondoki sehemu aliyokula chumvi bila kuhalalishana. Niwapikie wenzangu makande ya mwisho. Nichukue miche kidogo niende nayo Kondoa. Ila sasa nikifikiria ile karatasi najiuliza, nitamwambia Bibi nakuhalalishia huku moyoni nina dai? Halali gani hiyo? Na nikisaini ili moyo uwe mweupe, wanangu wataniona mjinga hadi nakufa. Na nikidai, basi yale yote aliyonifanyia yanageuka kuwa nini?

Na jingine naona aibu hata kuliandika, nalia usiku kwa ajili ya shamba la mtu. Mtu halii shamba ambalo sio lake. Nisaidie.

Mama wa kitaluni, Arumeru


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na mpe salamu mwanao kwa kuandika vizuri. Kama aliyeshika simu ni yule wa bodaboda, nadhani ilibidi ajikaze kuandika "nimemwambia ukija mimi sio mama yako".

Naanza na mwisho kwa sababu ndo uliloliandika kwa aibu. Nani kakwambia mtu halii shamba ambalo sio lake? Hati ya shamba haina jina lako, sawa, hilo halibishaniwi. Lakini umeingia pale binti, umezaa pale, umeachwa na mume pale, miti unayoiona umeishika ikiwa na majani mawili, na sasa mtu anapita na rangi nyekundu. Mimi ningeshangaa kama usingelia. Na sio kahawa tu inayoondoka, ni kwamba kila mtu pale anakujua wewe ni nani, ukifika Kondoa utakuwa yule aliyepanda lori akapotea. Hilo nalo linaliza, sijui kama umejipa nafasi ya kuliangalia.

Sasa turudi kwenye fundo lenyewe. Nikikuelewa vizuri unaogopa kwamba shukrani na madai haviwezi kukaa kwenye moyo mmoja, ukimwambia Bibi asante basi umefuta deni, na ukisema kuna deni basi umefuta asante. Dada yako anaamini hivyo, binti yako anaamini hivyo, wamechagua pande tofauti tu. Na kijana mkubwa wa Bibi naye, iwe kwa makusudi au kwa haraka zake za kuuza, ameweka mbuzi na kitenge na karatasi siku moja, meza moja. Ndo maana kichwa kinakuuma. Hebu jiulize, ingekuwa sherehe ni Jumamosi na karatasi haipo kabisa, ungekuwa na shida gani? Naona ungekuwa unachambua mahindi ya makande sa hizi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nisaini au nisisaini, nakuuliza kitu kingine: asante yako unampelekea nani? Maana nikisoma barua naona imejaa asante za watu mbalimbali. Kuna ya Bibi, ile ya usiku wa wodini, hiyo ni ya mtu kwa mtu na wala haihusiani na mshahara, hata kama angekuwa jirani tu ungemshukuru. Kuna ya mzee kwa kukataa kung'oa, na hata hapo tuseme ukweli, nyie mliokula nusu mshahara mlilibeba lile shamba pamoja naye, kwa hiyo asante hapo inaenda njia mbili na sijui kama kuna mtu aliwahi kuisema ya kuja kwenu. Kuna ya ardhi yenyewe na miti, na hiyo ni yako na Mungu wako, hakuna karatasi inayoigusa. Halafu kuna ajira, ambayo ni hesabu, ulifanya kazi ukalipwa au hukulipwa inavyotakiwa. Hii ya mwisho ndo pekee inayohusika na saini.

Kuhusu hiyo hesabu nitakwambia ninachokijua, ila mimi sio wakili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikusitishia kazi bila kosa lako, kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili uliofanya, lakini inahesabu miaka isiyozidi 10. Hapo dada yako wa Kondoa umtulize kidogo. Kwa mshahara wa laki na themanini hiyo inakuja kama laki nne, laki tano hivi, sio mamilioni ya miaka yote tangu 1998. Kuna notisi pia, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kupewa siku 28 kabla au alipwe badala yake, kwa hiyo angalia aliwaita lini chini ya huo mparachichi. Kuna likizo kama ulikuwa huendi na hulipwi. Kuna kusafirishwa wewe na mizigo yako mpaka ulikochukuliwa, na wewe lori lilikuchukua Kondoa, hilo wengi wanalisahau kabisa. Na kuna cheti cha utumishi, karatasi inayosema huyu mama alifanya kazi hii tangu mwaka huu mpaka huu, ambayo usiidharau, nitakuja kukwambia kwa nini.

NSSF ni jambo zito kuliko hayo yote. Inatakiwa asilimia 20 ya mshahara iingie kila mwezi na mfanyakazi akikatwa isizidi nusu yake. Wewe unasema hujawahi kuisikia. Inawezekana kweli hukuandikishwa, ila usikate shauri bado, nenda ofisi yao Arusha na kitambulisho chako cha NIDA waangalie, nimeshaona watu wanakuta wana namba na michango ya miaka kadhaa bila wao kujua. Na kama haupo kabisa, wao wenyewe ndo wana mamlaka ya kumfuata mwajiri, sio lazima iwe wewe unagombana na Bibi sebuleni.

Sasa sikiliza hapa maana ndo nadhani unajitesa bure. Umeweka picha kwamba ukidai, unamnyang'anya bibi mgonjwa hela ya dawa. Lakini mzee alishafariki, kuna mirathi, kuna msimamizi wa mirathi, na shamba limeuzwa. Deni la mfanyakazi ambalo marehemu aliliacha ni deni la mirathi, linatoka kwenye kapu kubwa kabla watoto hawajagawana, na madai ya baada ya 2022 ni juu ya aliyekuwa anaendesha shamba na kukulipa. Bibi anaweza kuwa hajui hata kwamba kuna karatasi. Umewahi kumuuliza? Simaanishi umshtakie mwanae, namaanisha tu kwamba barua yako nzima inamuongelea Bibi kana kwamba ndo kaiandika, na sioni mahali unaposema hivyo.

Na hilo la halali. Wewe ni Muislamu, unaijua ile hadithi ya mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, sihitaji kukusomea. Ninachokiona ni kwamba unahangaika sana na wewe kuwa mweupe mbele yao, na hujasema popote kwamba na wao wanahitaji halali kutoka kwako. Unamkumbuka mtu akifiwa, ndugu wanasimama kabla ya kuswalia maiti wanauliza nani anamdai marehemu aje. Hawaulizi kwa ubaya, wanataka mtu wao asiende na kitu cha mtu shingoni. Sasa wewe uliyemfanyia kazi mzee miaka yote hiyo, ukisema "lipo hili na hili" unaweza kuwa unamfanyia hisani kuliko ukikaa kimya na kinyongo kikaja kukutokea Kondoa saa nane za usiku. Ila pia unayo haki ya kusamehe. Kusamehe ni kwako kabisa, hata mwanao hawezi kukukataza. Ninachokuomba ni usisamehe kitu ambacho hujakijua ni kiasi gani, maana hapo inakuwa umekimbia tu ugomvi.

Haya, tuseme uende Jumamosi na usaini. Utapata laki tatu, amani ya siku hiyo, Bibi atafurahi, picha zitapigwa. Hatari ni kwamba karatasi ya "sina madai" inaweza kukufungia mlango au ukaja kuufungua kwa shida sana, na najua unayajua macho ya yule wa bodaboda.

Usiposaini, unaweza kusema kwa adabu kabisa, "mwanangu, laki tatu naipokea kwa shukrani, nasaini kwamba nimepokea laki tatu, lakini hayo maneno mengine nipe muda nionyeshe watu wangu". Hiyo ni tofauti na kukataa. Kusaini ulichopokea ni haki yake yule kijana, anahitaji kumbukumbu. Kusaini kwamba huna lingine ni jambo jingine. Hatari hapa ni anaweza kukasirika, akazuia hiyo hela, sherehe ikawa chungu, na wenzako sita wakakuona umewaharibia. Na hao sita umeongea nao? Wewe ndo nyapara wao, kuna uwezekano wanasubiri waone wewe unafanya nini ndo na wao wafanye.

Njia ya tatu ni kutenganisha siku. Umtafute kijana mkubwa kabla ya Jumamosi, wewe na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote, ustadhi au mzee wa kanisani kwao, sio mwanao wa bodaboda tafadhali, mkae mhesabu kwa utulivu, na mkikubaliana iandikwe. Halafu Jumamosi ibaki ya mbuzi na makande. Watu wengi wanaogopa hii kwa sababu inaonekana kama unawavizia kabla ya shughuli, na ni kweli anaweza kukwambia "subiri tutaongea baadae", na baadae ndo wakati nyumba iko wazi na wewe uko kwenye basi la Kondoa. Ukiamua kusubiri jua tu kwamba muda unahesabika. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na ya madai mengine ndani ya siku 60. Ofisi iko Arusha mjini. Kule kwanza wanawakalisha wasuluhishe, usifikirie ni mahakama na pingu. Hata ukienda kuuliza tu, kuuliza sio kushtaki.

Na yale madaftari! Umeyataja kwa mstari mmoja ukapita, mimi nimesimama hapo. Wewe unasema huna mkataba, lakini una maandishi ya mkono wako ya nani alikuja kazini siku gani kwa miaka kibao, na jina lako lazima liko humo. Ni mali ya shamba, usiyaibe, ila mwanao ana simu yenye kamera. Apige picha kurasa za mwaka hadi mwaka, hasa zile za zamani ambazo mchwa hawajamaliza. Nakwambia hivi hata kama utaamua kusamehe kila kitu, maana trekta la viwanja likiingia hiyo stoo haitakuwepo na hutapata tena mahali palipoandikwa kwamba ulikuwepo.

Tuje kwenye kuaga kwenyewe, ambako ndo moyo wako ulipo na nimekuchelewesha. Mbona umekuweka chini ya ratiba ya yule kijana? Wewe una funguo za kitalu, unaamka kabla ya watu wote. Kutembea blok zote hakuhitaji mbuzi wala hotuba. Katembee kesho. Katembee na binti wa mwisho, mwambie huu niliupanda mimba yako ina miezi mingapi, mdogo yule anafikiri unalilia hela. Na makande usiyapike siku ya sherehe yao, yatamezwa na pilau na soda, pika siku yako, ijumaa jioni kwa mfano, wale saba na watoto wenu, mahali palepale mnapopimiaga debe. Hapo mtasema yale msiyoweza kusema mbele ya wenye shamba, na mtacheka pia, kila shamba lina hadithi za nyapara na najua zako zipo.

Kwa Bibi nenda peke yako. Ni mgonjwa, kwa hiyo nenda asubuhi, kaa chini, mkumbushe ile kanga. Unaogopa kwamba kama una dai basi mdomo wako utakuwa unadanganya. Sidhani. "Bibi, uliniokolea mtoto, kwa hilo sina cha kukulipa" ni kweli leo, na itakuwa kweli hata kesi ikiwa CMA. Ukiona ana nguvu na anakuuliza mwenyewe "mwanangu amewatendeaje?", hapo utajua wewe uliyemjua miaka yote, kumwambia au kumficha. Binti yako anasema utamuua. Inawezekana. Inawezekana pia kitakachomuumiza ni kusikia baadae kwamba uliondoka hivyo na hakuambiwa. Mimi simjui, wewe unamjua.

Kijana wako wa bodaboda naye usimfungie mlango kwa lile neno. Hasira yake ni ya mtoto aliyemuona mama yake akirudi na matope mpaka magotini na mshahara nusu. Mpe kazi, yeye ndo akupeleke NSSF na CMA kuuliza, mtu mwenye hasira akipewa foleni ya kupanga anapoa.

Na hili la Kondoa, ni uamuzi au ni mazoea ya kusema "kwetu"? Naona umeandika kama vile shamba likiisha basi lazima urudi. Wanao wako Usa River, meno yao yenyewe yamesema kwao ni wapi. Kondoa una kiwanja? Una mtu zaidi ya dada? Sisemi usirudi, wengine wanarudi wanazaliwa upya. Ila bei ya arabika duniani 2025 ilipanda mpaka rekodi, na wale waliong'oa miaka ile ya 2001 kuna wanaotafuta miche sasa, tena ile ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, inayovumilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mtu anayejua kuikuza mpaka ifike shambani haokotwi barabarani. Unaweza kubisha hodi kwenye shamba jingine, na hapo ndo cheti cha utumishi kinafanya kazi yake, au ukakodi kipande chenye maji mkaweka kitalu chenu wewe na mmoja wa wale sita. Ni hatari nayo, kitalu kinakula hela miezi mingi kabla hakijarudisha, na wewe sio binti tena, mgongo unaujua mwenyewe. Kwa hiyo usikurupuke nalo, ila lisikose kwenye mawazo yako kwa sababu tu dada anapiga simu kila siku.

Miche ya kwenda nayo chukua, omba ruhusa tu, hakuna anayekata viwanja akakunyima miche. Ila wewe mwenyewe unajua Kondoa ni kukavu, kahawa kule itataka kivuli na ndoo ya maji kila siku, kwa hiyo usibebe mingi. Iweke kwenye viriba vya udongo wa palepale, mwagilia siku moja kabla ya safari, na kwenye basi usikubali iwekwe kwenye buti.

Niandikie ukishaongea na wale sita, nataka kujua wanasemaje.